Mliowahi kuruka kisiwa hadi kisiwa Ugiriki, tupeane uzoefu wa muda

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za jioni. Naishi Athens, na kila majira ya joto ndugu wananiuliza: Mykonos hadi Santorini kwa ndege ni dakika ngapi? Wakiangalia ramani wanaona kama kilomita 116 kati ya viwanja viwili, wanapiga hesabu ya nusu saa. Nami niliipiga hesabu hiyo. Tiketi niliyopata ikanirudisha Athens: kilomita 136 hadi bara, kisha 218 kwenda Santorini. Nimeruka mara tatu ya umbali wenyewe, na katikati nimekaa uwanjani saa nne. Leteni yenu, ila mtaje muda wote, tangu mlipofunga begi.

Mchangiaji 1
Kwa visiwa hivyo viwili mkuu, panda boti ya mwendo kasi. Mimi ilinichukua saa mbili na nusu hivi, nikashuka na begi langu mkononi.

Mchangiaji 2
Mimi nina ya Rhodes hadi Kastellorizo, kile kisiwa kidogo kinachotazamana na Uturuki, kilomita kama mbili tu baharini. Kati ya viwanja ni kama kilomita 135. Ndege ilikuwa ya pangaboi, maana njia ya kurukia kule ni fupi, ndege kubwa haitui. Hewani hatukufika dakika arobaini. Lakini uwanja wa Rhodes uko Paradisi, kilomita 14 kutoka mjini, basi niliondoka hotelini saa mbili na nusu kabla ya kuruka. Pamoja na hayo bado nawashauri ndege, kwa sababu meli ya kawaida kwenye njia hiyo ni kama saa nne, tena haiendi kila siku. Na ukikaa dirishani unaona milima ya Uturuki njia nzima. Niliipenda safari ile kuliko zote nilizosafiri Ulaya.

Mchangiaji 3
Karpathos hadi Kasos, nani ameipita? Kilomita kama 21! Tulipaa, tukageuka, tukaanza kushuka, hata dakika kumi hazikutimia. Dar hadi Unguja ni safari ndefu ukilinganisha. Ila jana yake hatukuruka kabisa. Ilikuwa Agosti, upepo wa kaskazini wanaouita meltemi ulikuwa mkali mno, tukalala Karpathos. Meli nazo zilizuiwa bandarini. Kwa hiyo safari yangu ya dakika kumi ilikula siku mbili.

Mwanzisha mada
Pole sana mkuu. Hilo la meltemi wanaokwenda Julai na Agosti walishike: usipange ndege ya kurudi nyumbani siku ileile unayotoka kisiwani. Acha usiku mmoja Athens.

Mchangiaji 4
Heraklion hadi Rhodes, karibu kilomita 287, moja kwa moja, saa moja hivi. Haikunisumbua. Aliyepita upande wa Corfu na Kefalonia aje, natarajia kwenda Septemba na mama mzee, ngazi za meli haziwezi.