Taa sita, jukwaa dogo: nizipange vipi?

Pazia_Jekundu: Habari za humu wakuu. Kikundi chetu cha maigizo kimenitwika kazi ya taa. Jukwaa lina upana wa mita sita na kina cha mita nne. Nina taa nne za halojeni za wati 500 zenye dima (kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga), na mbili za LED za kubadilisha rangi. Zote nimezifunga kwenye bomba la mbele, katikati. Sura zinaonekana bapa kama picha ya pasipoti, vivuli vimejaa pazia la nyuma. Tukio la usiku nikiwasha bluu, nyuso zinapotea kabisa. Mwongozaji anataka usiku wa kutisha, lakini bibi anayetoa siri pale ni lazima aonekane. Taa za kuongeza hakuna.

FundiKivuli: Hizo zinakutosha. Mwanga wa mbele moja kwa moja unafuta kivuli cha pua na cha kidevu, na uso usio na kivuli hauna umbo. Gawa jukwaa sehemu mbili, kushoto na kulia. Kila sehemu ipewe halojeni mbili, moja kutoka kila upande, zimshukie mwigizaji kwa takriban nyuzi 45 kutoka pembeni na 45 kutoka juu. Stanley McCandless, mwalimu wa taa za jukwaani katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliuandika mpango huu mwaka 1932. Wapo wanaouona umepitwa na wakati, ila kwa mwenye taa sita sioni pa kuanzia pazuri zaidi. LED zote mbili zihamishie nyuma, juu, ziwapige mabegani. Hapo watabanduka kwenye pazia.

Sasa usiku. Bluu itoke nyuma tu. Kwa bibi washa halojeni moja ya pembeni, dima ishuke mpaka karibu asilimia 25. Halojeni ikishushwa hivyo inageuka rangi ya chungwa, na mbele ya bluu watazamaji wataiona kama mwanga wa kibatari bila wewe kuweka kibatari chochote. Upande mmoja wa uso uache gizani. Mwongozaji atapata kutisha kwake.

Mama Swichi: Naongezea mawili. LED usizichomeke kwenye dima ya halojeni, zitapepesa au zife; zipe umeme wake wa moja kwa moja. Halojeni zako nne ni wati 2,000, yaani karibu amperi 9 kwenye volti 230, kwa hiyo usizirundike zote kwenye waya mmoja mwembamba wa kuongezea. Na kila taa iliyo juu ya vichwa vya watu ifungwe waya wa usalama, wa kuidaka isianguke. Hilo la mwisho halina mjadala.

Pazia_Jekundu: Asanteni sana. Nimehamisha, tofauti ni kubwa mno. Ila bibi akivuka katikati uso unazama giza, kisha unarudi. Na vivuli vimepungua lakini bado vipo.

FundiKivuli: Sehemu zako mbili hazijapandana. Usipime kwa kutazama sakafu, duara la mwanga sakafuni linadanganya. Panda jukwaani, tembea polepole kutoka sehemu moja hadi nyingine ukitazama taa (macho yatauma kidogo), na mwenzako asogeze taa mpaka pale katikati uone zote mbili zinakupiga machoni. Vivuli: waigizaji wakae angalau mita moja na nusu mbele ya pazia. Bomba likiweza kupanda, lipandishe kidogo, vishukie sakafuni.

Pazia_Jekundu: Bomba halipandi. Nitamsogeza bibi.