Nimeachishwa kazi na kupewa makubaliano ya kumaliza mgogoro: nitie saini au nikatae?

Mlinda Ghala (mleta uzi)

Heshima kwenu wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo natakiwa kulijibu kabla ya Ijumaa.

Nilikuwa msimamizi wa ghala katika kampuni binafsi kwa miaka sita, kwa mkataba wa kudumu. Baada ya ukaguzi kuonyesha upungufu wa bidhaa, niliitwa ofisi ya utawala nikakabidhiwa barua inayosema kwamba mwajiri amepoteza imani nami na kwamba ajira yangu inakoma siku hiyohiyo. Sikupewa hati ya tuhuma, hapakuwa na kikao cha nidhamu, wala sikuonyeshwa taarifa ya ukaguzi, ingawa funguo za ghala tulikuwa nazo watu watatu.

Pamoja na barua hiyo nilipewa waraka wa kurasa mbili unaoitwa Makubaliano ya Kumaliza Mgogoro. Unasema nitalipwa mishahara ya miezi mitatu, ikiwa ni "malipo kamili na ya mwisho ya madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana", na kwamba sitafungua shauri popote. Mchanganuo wa malipo hayo haupo. Ofisa rasilimali watu aliniambia kwamba nisipotia saini nitaondoka mikono mitupu, hata mshahara wa siku nilizofanya kazi mwezi huu sitaupata. Nina mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara, na sina akiba ya kutosha kuendesha kesi ndefu. Je, nitie saini?

Msaka Tonge

Pole sana, mkuu. Mimi ningechukua fedha hizo na kutafuta kazi nyingine. Kesi za kazi huahirishwa mara kwa mara, wakili anataka malipo, mashahidi wako bado wanamtegemea mwajiri yuleyule kwa riziki yao, na mwisho wa yote unaweza kushinda hukumu kisha ukaanza safari nyingine ya kuikazia. Miezi mitatu mkononi si haba.

Ofisa Mstaafu

Ninaheshimu maoni ya Msaka Tonge, na kuhusu uchovu wa kesi amesema kweli. Hata hivyo, anachukulia kwamba miezi mitatu hiyo ni zawadi ya mwajiri, nami niliyefanya kazi katika idara ya rasilimali watu kwa muda mrefu nawaomba tuivunjevunje kwanza.

Ndugu mleta uzi, chukua karatasi uandike vitu ambavyo ungelipwa hata kama waraka huo usingekuwapo: mshahara wa siku ulizofanya kazi mwezi huu, malipo ya likizo uliyoilimbikiza bila kuitumia, malipo badala ya notisi kama mkataba au sheria inakupa notisi, saa za ziada zilizoidhinishwa na hazijalipwa, na kiinua mgongo pale ambapo sheria au kanuni za kampuni zinakitambua kwa aina ya kuachishwa kwako. Tuseme notisi yako ni mwezi mmoja, likizo uliyoilimbikiza inakaribia mwezi mmoja, na mwezi huu umefanya kazi siku ishirini. Umeshafika karibu miezi miwili na theluthi mbili. Kinachobaki, yaani theluthi moja ya mshahara wa mwezi, ndiyo bei ambayo mwajiri anataka kununulia haki yako ya kulalamika kwamba umeachishwa isivyo halali baada ya miaka sita.

Hii ndiyo sababu mchanganuo hauwekwi. Tulipokuwa tukiandaa nyaraka za namna hii tulijua vizuri kwamba kiasi kimoja kikubwa humpendeza mtu aliyetoka kupokea barua mbaya, na kwamba akiona mistari mitano yenye maelezo ataanza kuuliza maswali. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza iwe kuomba mchanganuo kwa maandishi, kwa lugha ya adabu, bila kueleza kama unakubali au unakataa.

Wakili wa Kazi

Napenda kuongeza upande wa sheria, kwa tahadhari kwamba sijaona nyaraka zako na kwamba kila nchi ina sheria yake.

Msingi unaokuhusu umeelezwa katika Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982. Ibara ya 4 inataka ajira isikomeshwe bila sababu halali inayohusiana na uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Ibara ya 7 inataka mfanyakazi anayetuhumiwa kwa mwenendo wake apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kumtarajia mwajiri afanye hivyo. Si kila nchi imeuridhia mkataba huo, lakini misingi hii miwili, yaani sababu halali na utaratibu wa haki, utaikuta katika sheria za nchi nyingi ambazo hazikuuridhia. Kwako wewe utaratibu unaonekana kuwa dhaifu sana: hakuna tuhuma ya maandishi, hakuna kikao, na funguo zilikuwa kwa watu watatu. Sisemi kwamba utashinda. Nasema kwamba mwajiri ana jambo la kuogopa, na ndiyo maana waraka ulikuwa umeshachapwa kabla hujaingia ofisini.

Pili, makubaliano ya kumaliza mgogoro ni mkataba kamili, na ukishautia saini kwa hiari huwa vigumu mno kuutengua. Ndiyo maana baadhi ya nchi zimemwekea mfanyakazi kinga kabla ya kuachia haki zake. Uingereza, kwa mfano, makubaliano ya aina hii hayamfungi mfanyakazi kuhusu madai yake ya kisheria mpaka awe amepata ushauri wa mshauri huru, na mshauri huyo lazima atambulishwe ndani ya waraka. Marekani, mfanyakazi mwenye umri wa miaka 40 au zaidi anayeombwa kuachia madai ya ubaguzi wa umri hupewa angalau siku 21 za kutafakari na siku 7 za kubatilisha saini yake, na pale ambapo kundi zima linapunguzwa, siku za kutafakari huwa 45. Sheria hizo hazikuhusu moja kwa moja kama hauko huko, lakini zinaonyesha kwamba kuomba siku chache za kutafuta ushauri si ukaidi wala si kosa. Mwajiri anayekataa ombi hilo, na hasa akilikataa kwa maandishi, anakupa ushahidi wa shinikizo.

Tatu, na hili lisikuponyoke: makubaliano unaweza kuyajadili hata wiki ijayo, lakini muda wa kufungua malalamiko hausubiri mazungumzo. Tanzania, mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Afrika Kusini nako ni siku 30, ilhali Kenya sheria ya ajira inatoa miaka mitatu. Waajiri wengine huendeleza mazungumzo kwa upole mpaka siku hizo ziishe, kisha simu hazipokelewi tena. Jua muda wa nchi yako leo, na ukikaribia mwisho fungua malalamiko huku mazungumzo yakiendelea. Mara nyingi hatua ya kwanza ni usuluhishi tu, na makubaliano yanayofikiwa mbele ya msuluhishi huwa na nguvu zaidi katika utekelezaji kuliko karatasi mliyotiliana saini ofisini.

Mlinda Ghala (mleta uzi)

Nawashukuru sana. Baada ya kusoma maoni ya Wakili nimeurudia waraka neno kwa neno, na nimekuta kifungu cha sita kinasema kwamba mfanyakazi "ameamua kwa hiari yake kuacha kazi". Barua niliyopewa siku ileile inasema nimeachishwa. Pia nafasi ya tarehe imeachwa wazi. Je, hayo ni makosa ya uchapaji?

Ofisa Mstaafu

Hapana, ndugu yangu. Ukitia saini kifungu hicho, umekiri kwamba hapakuwa na kuachishwa, na asiyeachishwa hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali. Pia unaweza kupoteza mafao ya kukosa kazi au kinga ya bima ya mkopo mahali ambapo vitu hivyo hutolewa kwa aliyeachishwa tu na si kwa aliyejiuzulu. Nafasi ya tarehe iliyo wazi ni mbaya vilevile, kwa kuwa atakayeijaza si wewe. Piga picha kurasa zote mbili pamoja na barua, na ikiwezekana bahasha yake, kabla ya mtu yeyote kukuomba uvirudishe ili "virekebishwe".

Mama Chama

Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Andika leo maelezo ya kikao kile: saa, waliokuwapo, na maneno uliyoambiwa kuhusu mshahara wako. Tafuta pia mkataba wako, hati za mishahara, kumbukumbu za likizo na rejesta ya makabidhiano ya funguo kama una nakala yake kihalali. Usiingie kwenye mfumo wa kampuni kwa nywila ya mwenzako ili kupata nyaraka, kwani utakuwa umempa mwajiri kosa ambalo hakuwa nalo. Na kama unaamini kuna sababu nyingine nyuma ya upungufu huo wa bidhaa, kwa mfano uliwahi kulalamika au kujiunga na chama, mweleze mshauri wako mapema, kwa sababu kuachishwa kwa sababu kama hizo huhesabiwa kwa uzito tofauti.

Msaka Tonge

Nimeona kifungu cha sita, nami nabadilisha ushauri wangu. Lakini bado nasema asikatae mazungumzo.

Wakili wa Kazi

Hapo tunakubaliana, na makubaliano mazuri mara nyingi ni bora kuliko hukumu nzuri. Ukijibu, pendekeza mambo yafuatayo: stahiki zitajwe mstari kwa mstari na zitenganishwe na fidia, kifungu cha kujiuzulu kiondolewe, ielezwe kama kiasi ni kabla au baada ya kodi, tarehe ya malipo itajwe, na kama ni kwa awamu, kukosa awamu moja kufanye salio lote lidaiwe mara moja, cheti cha utumishi kitolewe bila maneno ya kukuchafua, na mwajiri naye aachie madai yake dhidi yako kuhusu bidhaa zilizopungua. Sharti hili la mwisho husahaulika sana, kisha mtu akajikuta amefunga mlango wake huku wa mwajiri ukibaki wazi. Michango yako ya hifadhi ya jamii isiguswe kabisa. Kuhusu mkopo, hakikisha hakuna maneno yanayomruhusu mwajiri kukata deni lote kwenye malipo haya bila idhini yako.

Mlinda Ghala (mleta uzi)

Nimeomba mchanganuo na siku kumi na nne za kupata ushauri. Wamejibu kwamba wako tayari kunilipa mshahara wa siku nilizofanya kazi, lakini nikatie saini fomu ya mapokezi kwanza. Je, nikipokea nitakuwa nimekubali waraka ule?

Wakili wa Kazi

Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako, na hautegemei saini yako kwenye makubaliano. Uupokee, lakini soma fomu hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ikiwa ina maneno "malipo ya mwisho" au "sina madai mengine", yakate kwa mstari, weka saini ndogo pembeni, kisha uandike kwa mkono wako: "Nimepokea mshahara wa siku nilizofanya kazi pekee, madai mengine yote yanabaki palepale." Weka tarehe mwenyewe na uombe nakala kabla ya kuondoka. Wakikataa uandike hivyo, usitie saini. Waandikie siku hiyohiyo ukiwaomba waweke fedha kwenye akaunti yako ya mshahara kama walivyokuwa wakifanya miaka yote sita.