Naomba ushauri: usalama wa mabweni ya shule mkoani Kagera

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mzazi na mjumbe wa bodi ya shule moja ya bweni huku Kagera. Wazazi wa shule kadhaa, kuanzia Kyerwa hadi Muleba, tumekubaliana tuandae mpango mmoja wa dharura tuufikishe kwenye halmashauri zetu.

Mkoa huu umeonja yote mawili, tetemeko na moto. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliharibu vibaya sekondari za Ihungo na Nyakato. Septemba 2020 moto wa bweni kule Kyerwa uliua watoto wasiopungua 10. Lakini bweni tulilokagua majuzi lina nondo kila dirisha na mlango mmoja tu, tena usiku unafungwa kufuli kwa nje. Ufunguo anao matroni, nyumba ya pili. Mtungi wa kuzimia moto upo, ila umewekwa ofisini, nako kunafungwa. Uongozi unasema nondo ni za kuzuia wezi. Hofu yao naielewa, lakini mtoto atatokea wapi?

Kwa waliowahi kufanikisha hili: dirisha la kuzuia mwizi ila linafunguka kwa ndani mlilitengenezaje, na fundi alitoza kiasi gani? Zoezi la kuwatoa watoto usiku mnalifanyaje bila kuzua taharuki, hasa kwa wadogo na wenye ulemavu? Namba 114 ya zimamoto tunaijua, ila gari likitokea Bukoba mjini hadi vijijini ni safari ndefu, hivyo dakika za mwanzo ni zetu wenyewe. Na barua ianzie kwa afisa elimu, au iende moja kwa moja kwa mkurugenzi?