Naomba ushauri: mazoezi ya kupumua kwa mgonjwa wa mapafu

Wakuu, habari zenu. Mama yangu mkubwa yuko Ujiji. Miaka na miaka amekaa kwenye moshi wa kuni akichemsha mawese na kubanika migebuka. Sigara hajawahi kugusa. Daktari kasema ni ugonjwa sugu wa njia za hewa. Dawa ya kuvuta anayo, anaitumia.

Tatizo ni akipandisha kutoka ziwani. Anasimama njiani, mabega juu, anahema. Kafundishwa avute hewa puani taratibu akihesabu mbili, kisha abane midomo kama anapuliza chai ya moto, aitoe akihesabu hadi nne. Akiwa amekaa barazani anafanya vizuri kabisa. Pumzi ikimbana kweli anasahau yote, anagugumia hewa kwa mdomo, halafu anadai zoezi halina maana (mbishi huyu, acheni tu).

Mliouguza mtu wa hivi, mlimzoeshaje? Kuinama mbele, viwiko juu ya magoti, kuliwasaidia wagonjwa wenu? Na kupumua kwa tumbo, kwake kutafaa au kutamchosha zaidi? Midomo ikigeuka bluu ni hospitali moja kwa moja, hilo siulizi.