Kupiga Windows upya kila miezi mitatu ndo dawa ya kompyuta nzito au naliwa tu?

Mama Risiti:
Habarini wakuu, poleni na majukumu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia vijana maombi ya chuo. Kazi zote zinapita kwenye laptopu moja niliyonunua mtumba, Core i5 kizazi cha nne, RAM 4GB, diski GB 500, Windows 10. Sasa kila baada ya miezi mitatu hivi inakuwa nzito mpaka aibu, naiwasha, nafagia duka lote namwaga na maji mlangoni ndo inafunguka, mteja kasimama tu ananiangalia. Nikimpelekea fundi anasema Windows imechoka, anapiga upya, yani anafuta yote na kuiweka tena, kwa 15,000, na ikirudi kweli inaruka kama mpya. Halafu taratiiibu inarudi kulekule. Mwaka huu ameshapiga mara tatu na hii ya mwisho haijamaliza hata mwezi. Hivi Windows huwa inachoka kweli? Yani ni kama kubadilisha oili ya pikipiki au mimi ndo naliwa hapa?

Kizee cha XP:
Huliwi dada. Mimi napiga Windows kila miezi sita tangu enzi za XP na mashine zangu hazijawahi kunisumbua. Windows ni kama nyumba, ukikaa bila kufagia uchafu unajaa. Piga, endelea na maisha.

fundi_kimya:
Mzee wangu shikamoo, enzi za XP ulikuwa sahihi kabisa na nakumbuka, mashine ina RAM MB 256, kila programu ukiweka inakuja na vipande vyake vitatu vinakaa pale juu kwenye kivinjari, halafu flashi moja ikitoka chuo inakuja na vairasi inageuza mafolda yote kuwa shotikati. Pale kufomati ilikuwa ndo njia fupi. Ila usisahau hiyo ni Windows ya 2001.

Mama Risiti, Windows haichoki. Faili la leo na faili la mwaka jana ni lilelile, haliishi meno. Kinachobadilika ni vitu unavyoweka juu yake, na chuma chenyewe. Sasa kabla sijasema lolote kuhusu fundi wako, nijibu, akishapiga Windows anakuwekea nini? Maana wengi wetu (na mimi nikiwemo zamani, sitaki kujifanya mtakatifu) tuna flashi moja ina kila kitu, tukimaliza Windows tunamwaga humo antivairasi mbili, programu ya kusafisha kompyuta, ya kupakua video, Office ya kuchakachua, na kile kiprogramu cha kuiaktiveti ambacho unaambiwa zima antivairasi kwanza ndo kifanye kazi. Kikishaambiwa uzime mlinzi ili kiingie ujue hicho sio mgeni mzuri. Halafu zote hizo zinajiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka. Kwahiyo mtu analipia kusafishiwa nyumba na uchafu uleule unarudishwa siku hiyohiyo.

Fanya hivi, haina gharama. Washa mashine, usifungue kitu, ngoja kama dakika kumi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, itakuja Task Manager. Angalia safu ya Disk. Kama imekaa 100% wakati wewe hujafungua chochote, hapo ndo pa kuanzia. Kisha nenda Startup, orodha ya vinavyojiwasha vyenyewe, zima vyote usivyovijua isipokuwa vya sauti na vya tachipedi. Halafu nenda Performance, kwenye diski itaandika HDD (diski ya kuzunguka) au SSD (isiyo na kitu kinachozunguka), niletee jibu.

Na swali lako la kwanini inaruka ikitoka kwa fundi: kama ni HDD, ndani kuna sahani inazunguka, za laptopu nyingi ni mara 5,400 kwa dakika, na kisindano kinatembea juu yake kutafuta data. Ikipigwa upya, Windows yote inaandikwa kwa mpangilio kwenye ukingo wa nje wa sahani, ambako ndo kunasomeka haraka zaidi. Baada ya wiki kadhaa za apdeti na picha za wateja, vitu vimetawanyika, kisindano kinahangaika huku na huku. Ongezea RAM 4GB, yani kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa, Windows 10 peke yake inakula karibu nusu, ukifungua Chrome na kurasa kumi inabidi ikope nafasi kwenye diski ileile iliyozidiwa. Ndo hapo unapomaliza kufagia duka.

Mwana wa Kisauni:
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nina saiba, mashine sita za zamani, na huo mchezo wa kupiga Windows nimeucheza miaka mpaka vijana wangu wakawa wanaifanya macho yamefumba. Siku moja mashine moja diski yake ilikufa nikalazimika kununua SSD, ile ndogo ya GB 240 tu. Wallahi ile mashine ilikuwa ndiyo mbovu kuliko zote na sasa wateja wakiingia wanaigombania. Sikuongeza RAM, sikubadili kitu chengine. HDD ikijitahidi sana inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inafika 500, lakini hata hizo namba hazisemi yote kwa sababu SSD haina kisindano cha kutembea, faili likiwa popote linaletwa papo hapo. Tangu nizibadilishe zote sijapiga Windows kwa sababu ya uzito, hata mara moja.

Ila dada ukipigiwa Windows usiihukumu siku ya kwanza. Siku mbili za mwanzo huwa inapakua apdeti na kuorodhesha mafaili kimyakimya, inaweza kuwa nzito na bando likaisha ukamlaani mtu bure.

Kizee cha XP:
Marahaba fundi. Sawa nimekubali nusu. Lakini kuna wakati kupiga ni lazima, msimpotoshe mama wa watu. Kama vairasi imeingia utaikimbiza mpaka lini? Na kama ni mtumba hujui mwenye nayo wa kwanza aliweka nini humo. Mimi mtumba siutumii siku hata moja bila kufomati.

fundi_kimya:
Hapo mzee tuko pamoja asilimia mia. Mtumba mpya unapiga, vairasi unapiga, umebadilisha diski unapiga, na unapiga kwa flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft wenyewe, sio Windows ya mtaani iliyopunguzwa haijulikani na nani. Na mashine nyingi za namna hii zilishakuwa na leseni, imeshajisajili kwenye bodi yake, ukiweka toleo lilelile na ukiwa na intaneti inajiaktiveti yenyewe bila mchawi. Ninachokataa ni kupiga bila kujua ugonjwa.

Mama Risiti:
Nimerudi wakuu, samahani kulikuwa na foleni ya vyeti. Disk 100% imeganda, sijafungua kitu. Imeandika HDD. Kwenye Startup kuna vitu kumi na nne, nilivyovijua ni vitatu, vingine nimezima, imepungua kidogo ila bado. Antivairasi zipo mbili kweli!! Halafu kitu kingine sikusema mwanzo nilidhani cha kawaida, ikiwa inafungua picha kuna kasauti ndani ka tak tak tak halafu inaganda kidogo ndo inaendelea.

fundi_kimya:
Hiyo tak tak ndo ungeanza nayo dada yangu. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, ifungue tu uniambie kibox cha afya kina rangi gani.

Mama Risiti:
Ya njano. Imeandika Caution. Chini kuna mstari Reallocated Sectors nao una kitone cha njano.

fundi_kimya:
Basi diski inakufa. Sehemu za sahani zimeharibika, inahamisha data kwenda sehemu za akiba, na kila ikikutana na kipande kibovu inajaribu tena na tena, ndo huko kuganda. Kila alipofomati fundi wako alikuwa anakusogeza mbele kidogo tu, na inawezekana kabisa hakujua, wengi hawaangalii. Na ndo maana safari hii haijafika mwezi.

Sasa nisikilize vizuri. USIPIGE Windows. Usiipange diski upya, usiikague kwa programu yoyote, kila unachofanya kinaichosha. Chomeka diski ya nje, kopi kwanza vile ambavyo ukivipoteza utalia, picha za wateja ambazo hujazisafisha, risiti, mafaili ya maombi. Filamu mwisho. Ikikataa faili moja ruka, usilazimishe. Ukimaliza nunua SSD, GB 240 inakutosha, na ukipata hela ongeza RAM ifike 8. Ukishaweka SSD hapo ndo upige Windows, kwa raha kabisa.

Kingine, mashine ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11, Microsoft wanaanzia kizazi cha nane, na msaada wa kawaida wa Windows 10, yani apdeti za usalama, ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama unaingia benki kwa hiyo laptopu lifikirie hilo. Kuna Linux Mint, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, inaenda vizuri kwenye mashine kama yako ila kwa kazi za Word za wateja najua utanitukana.

Mwana wa Kisauni:
Na ile diski ya zamani usiitupe wala usimuachie mtu, ina vitambulisho vya watu humo.

Kizee cha XP:
Nimejipima na mimi hiyo CrystalDisk. Bluu, Good. Miezi sita sita yangu imenitunza nyie semeni mnachosema.

fundi_kimya:
Mzee kibox kikiwa cha bluu kinasema chuma ni kizima tu 😂

Mama Risiti:
Nimeanza na picha za wateja, imeandika imebaki saa 3, muda si mrefu ikaandika saa 5. Duka nimefunga mlango nusu. Fundi kanipigia ananiuliza naileta lini, nimemwambia kesho aje na bisibisi, SSD nanunua mwenyewe.