Tupeane uzoefu: ruzuku ikikatwa bungeni, mkasi hupita wapi hasa?

KasmaTupu
Wakuu, hotuba ya bajeti ikisomwa kila mtu anasubiri bei ya soda na mafuta. Fedha za kaya maskini, dawa za zahanati na mgao wa shule hazikatwi kwenye hotuba. Wanaojua pa kuangalia, Dodoma na Nairobi, shusheni maujuzi. Naanza na kwetu Tanzania.

Tafuta randama ya wizara, yaani maelezo ya kina ya bajeti yake, kabla ya hotuba. Hotuba ni ya ukumbini, randama ndiyo inayochambuliwa kwenye kamati. Iweke pembeni ya vitabu vya makadirio: cha Pili ni matumizi ya kawaida ya wizara, cha Tatu mikoa na halmashauri, cha Nne maendeleo. Anza na fungu, yaani nambari ya wizara (Afya 52, Elimu 46, TAMISEMI ya serikali za mitaa 56), shuka kwenye kifungu cha idara, kisha kasma, mstari mmoja wa matumizi. Ukishapata kasma yako, sasa rudi kwenye hotuba utafute sentensi moja tu, ile ya fedha "zilizopokelewa hadi kufikia" Machi au Aprili. Tuseme kasma iliidhinishiwa bilioni 10 na hadi hapo zimetoka 4. Huo ndio mkato wenyewe, hata kama mwaka huu wameandika 12 na meza zikagongwa.

Mtego mmoja: fungu 52 likishuka watu wanapiga kelele kwamba afya imekatwa. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya TAMISEMI, kwa hiyo shughuli ikihamishwa, fedha inahamia 56. Usiposoma mafungu yote mawili unaaibika mbele ya kamati.

Bwana Shamba
Naunga mkono hoja. Hiyo ya 52 na 56 imewaumbua wengi.

MamaWaRuzuku254
Umenigusa. Huku Kenya watu wanaingoja hotuba ya Juni, na Juni umechelewa. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari, na viwango vya juu vya kila sekta hufungwa hapo. Makadirio yenyewe yanaletwa kufikia 30 Aprili. Mei ndio mwezi wa kazi, kwa sababu Kamati ya Bajeti inalazimishwa na Kifungu cha 221 cha Katiba kusikiliza wananchi.

Na hapa ndipo memoranda nyingi, yaani maoni ya maandishi ya wananchi, hufia. Mnaandika "tunaomba serikali iongeze pesa za wazee". Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 haimruhusu mbunge kuongeza mahali bila kupunguza mahali pengine. Na akipunguza bila kuhamisha, kilichookolewa kinaenda kupunguza nakisi. Kwa hivyo karatasi yako iwe na mistari miwili: toa kiasi hiki hapa, weka pale. Pa kutoa pako wazi kwenye kila kitabu, 2210400 ni safari za nje, 2210800 ni ukarimu, yaani chai na mandazi ya mikutano. Pa kuweka, kwa Inua Jamii, yaani pesa za wazee, ni kura nambari 1185 (kura yetu ndiyo fungu lenu). Ukurasa mmoja unatosha. Mpelekee Karani wa Bunge kabla ya tarehe iliyo kwenye tangazo la gazeti, na nakala kwa kamati ya idara husika, maana hiyo ndiyo inaandika ripoti ambayo Kamati ya Bajeti inaisoma.

Inua Jamii yenyewe ni elfu mbili kwa mwezi kwa mzee wa miaka 70 kwenda juu. Ni elfu mbili hiyohiyo kwa zaidi ya miaka 10. Hakuna kura iliyowahi kuikata, imekatwa na unga.

Ndizi_Mbivu
"Imekatwa na unga" 😂😂 hii nairuka nayo.

ShilingiMkononi
Wakenya mna karatasi nyingi sana. Kwetu Tanzania mbunge anashika shilingi ya mshahara wa Waziri kwenye kifungu 1001, yaani anatishia kuizuia isipite, Waziri anatoa maelezo mpaka jasho linamtoka. Kazi imekwisha.

MamaWaRuzuku254
Na baada ya maelezo, hiyo shilingi inakwenda wapi?

ShilingiMkononi
Inarudi kama maelezo yameridhisha.

MamaWaRuzuku254
Ni lini hayakuridhisha?

KasmaTupu
Msigombane. Shilingi ina kazi yake, ila tuelewe kazi ipi. Wakati Bunge limekaa kama Kamati ya Matumizi, kushika shilingi kunamlazimisha Waziri atoe ahadi inayoingia kwenye Taarifa Rasmi. Hiyo ahadi unaweza kumbana nayo mwaka unaofuata, kwa tarehe na ukurasa. Fedha haiongezeki hata senti. Na nyuma yake kuna ibara ya 90 ya Katiba yetu: Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Kila anayeshika shilingi analijua hilo, na jimbo lake analipenda.

Halafu kuna muda. Ukiisha inakuja gilotini, vifungu vilivyobaki vinasomwa na kupita mfululizo bila swali. Kama kasma unayoitetea iko mwishoni mwa fungu, usitegemee Kamati ya Matumizi. Imalize kwenye kamati ya kisekta, wiki kadhaa kabla.

JukwaaLaWageni
Mmenikumbusha Juni 2024 huko Kenya, na naona watu wanakumbuka moshi peke yake. Tuupange ule mwezi.

Kulikuwa na miswada miwili. Wa Fedha unatafuta kodi, wa Matumizi unaruhusu kutumia. Macho yote yalikuwa kwa wa kwanza. Tarehe 20 ulipita kusomwa mara ya pili, 204 kwa 115. Tarehe 25 ukasomwa mara ya tatu, 195 kwa 106, na muda mfupi baadaye waandamanaji wakawa ndani ya majengo ya Bunge, sehemu ya jengo ikawaka moto, wabunge wakakimbizwa. Watu wakapigwa risasi wakafa. Tarehe 26 Rais Ruto akatangaza hatatia saini. Shangwe nchi nzima.

Sasa angalieni tarehe 28. Siku hiyo alitia saini ule mswada wa pili, wa Matumizi. Bila huo, kuanzia 1 Julai wizara zingekaa na vitabu visivyo na idhini. Lakini ulikuwa umepangwa kwa kutegemea kodi ambazo zimekufa siku mbili kabla, kama bilioni 346 hivi. Kwa hiyo papo hapo Hazina ikaagizwa ilete bajeti ya ziada ya kupunguza. Mkasi ukapita kwenye karatasi ya nyongeza, Julai, wakati nchi ingali inazika. Kila mmoja alikuwa anajua kifungu cha kodi ya mkate kwa kichwa. Waliokuwa wamefungua jedwali la bajeti ya ziada, idara kwa idara, unawahesabu kwa vidole.

Ndizi_Mbivu
Nimesoma mara mbili. Kumbe.

MkaziWaPwani
Sasa unataka kusema vijana walikosea kuikataa ile kodi?

JukwaaLaWageni
Sijasema hivyo na usinilishe maneno. Nimesema kodi ikikataliwa, uliza siku hiyohiyo pengo linazibwa na fungu gani. Swali hilo lina wiki chache tu za kuulizwa.

MkaziWaPwani
Pengo lingezibwa na magari ya wakubwa.

JukwaaLaWageni
Andika hivyo kwenye memoranda, na nambari ya kura uiweke.

ShilingiMkononi
Huku hatujafika kuchoma Bunge lakini 😏

KasmaTupu
Turudi kwenye mada tafadhali. Elimu, nani ana detaili?

Mwalimu_wa_Vitabu
Kapitesheni, yaani mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi, ya sekondari za kutwa Kenya ni 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa karatasi. Inagawanywa 50, 30, 20 kwa mihula mitatu. Kwa hivyo muhula wa kwanza 11,122, wa pili 6,673.20, wa tatu 4,448.80. Hizi ndizo nambari za kulinganisha na taarifa ya benki. Muhula wa kwanza ukileta pungufu, mkato hauko Bungeni bado, uko kwenye utoaji. Julai 2025 Waziri wa Fedha Mbadi aliiambia Kamati ya Elimu waziwazi kwamba kiwango chote hakimudiki. Yaani miaka yote wabunge wanajadili 22,244, shule zinaishi na nyingine.

KaraniMkuukuu
Sahihisho, mwalimu. Usilinganishe 11,122 na akaunti moja. Sehemu ya ukarabati huingia akaunti ya miundombinu, mbali na ya uendeshaji na ya vitabu. Jumlisha zote kwanza. Pia hesabu wanaotambuliwa na mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi, sio walioketi darasani. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anakula chakula cha shule na hana kapitesheni.

Mwalimu_wa_Vitabu
Sahihi kabisa. Nimepokea.

Bibi_Kadi
Na yale yasiyopigiwa kura kabisa? Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto Tanzania. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Machi 2023 mfuko wa bima ya afya, NHIF, ukasitisha usajili wa mtoto mmojammoja, ukaelekeza wasajiliwe kwa makundi kupitia shule. Hesabu yao inaeleweka: mzazi analipia siku mtoto akiugua, mwenye mtoto mzima hakati kadi, mfuko unabaki na wagonjwa watupu. Lakini hakuna kasma iliyoshuka, hakuna shilingi ya kushika. Mtoto wa miaka miwili hana shule. Mambo kama haya ulizeni kwa swali la msingi la mbunge, na swali la nyongeza liwe limeandaliwa, kwa sababu jibu la kwanza huandikwa na wataalamu wa wizara na halina mwanya.

Bwana Shamba
Mfuate mbunge jimboni Ijumaa jioni. Dodoma hakusikilizi.

KaraniMkuukuu
Usimfuate mbunge hata kidogo. Mfuate katibu wa kamati, ndiye anayeandika rasimu ya maoni.

Ndizi_Mbivu
Wafuateni wote wawili, mbunge mpelekeeni kuku, katibu mpelekeeni jedwali.

MkaziWaPwani
Na sisi tusio na kuku wala jedwali? Nyaraka ipi moja isomwe, iwe imeisha?

MamaWaRuzuku254
Ripoti ya robo mwaka ya Mdhibiti wa Bajeti. Inapatikana bure mtandaoni. Nenda 1185, usisome maelezo, tafuta jedwali lenye bajeti iliyoidhinishwa, fedha zilizotolewa na zilizotumika. Baada ya robo tatu, safu ya pili inafaa kukaribia asilimia 75 ya ile ya kwanza. Mishahara itakuwa imefika. Angalia malipo ya wazee yako wapi. Kisha fungua bajeti ya ziada uone kama kiasi ambacho hakikutolewa kimeondolewa kimyakimya kwenye safu ya kwanza, ili Juni asilimia ionekane nzuri.

MkaziWaPwani
Subiri, wanaweza kupunguza safu ya kwanza?

MamaWaRuzuku254
Kwa kura ya wabunge, tena mara nyingi usiku. Lete hiyo ripoti hapa tuisome pamoja, naanza na jedwali la kura 1185.