Kocha bora wa mwezi ndiyo YULE? Yule tuliyempiga TATU?

Wakuu salaam, ingawa salaam yenyewe leo sina.

Nipo kantini kazini, nafungua simu nile chapati yangu kwa amani, nakutana na picha. Yule bwana. Mnamjua. Mwenye koti kama godoro lililoshonewa mikono. Ameshika tuzo ya kocha bora wa mwezi wa League Two, daraja la nne huku Uingereza, meno yote 32 nje, kama baba harusi aliyesamehewa mahari.

TULIMPIGA TATU. Mwezi huo huo. Kwake! Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya goli, mvua inakuja kwa ubavu, vidole vimekufa ganzi hadi leo sijavihesabu kama vimerudi vyote. La tatu kipa wake alilisindikiza kwa macho kama anaaga ndugu stendi.

Kocha wetu mechi nne: kashinda tatu, sare moja. Pointi 10. Yule pointi 9. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo! Kapewa nini wa kwetu? Hata soksi. Ligi ina timu 24, mechi 46, wanaopanda moja kwa moja watatu tu, wawili wa mkiani wanazama National League, daraja la tano. Watu wanakufa humo. Halafu kamati inakaa, inakunywa chai, inasema "tumpe yule."

Na Novemba mechi za ligi zenyewe kiduchu, wikiendi nyingine imeliwa na FA Cup. Kwa hiyo kile kipigo ni ROBO ya mwezi wake mzima. Na ushindi mmoja ni wa penalti ambayo hata aliyeanguka aliona aibu kuinuka.

Sasa angalieni tena hiyo picha. Kaipigia wapi? Mbele ya goli lile lile zilipoingia. Nyavu hizo hapo nyuma ya kisogo chake! Tatu!

Nawasilisha.

Mjukuu wa Nahodha: Siti ya mbele. Kahawa iko wapi?

Chumvi ya Mawe: Mkuu, umefika Uingereza, Liverpool ipo, Man City ipo, wewe ukachagua timu ya uwanja wa mabati. Usitulilie.

Mleta mada: Mabati ndiyo yaliyoshuhudia tatu.

Mzee wa Mkeka: Nyie lieni, mimi nacheka. Kocha akishapewa hiyo tuzo, mechi inayofuata anakufa. Laana hiyo hata Waingereza wenyewe wanaijua. Jumamosi namwekea kipigo, elfu kumi nzima.

Omosh wa Nakuru: Buda, shukuru Mungu. Msimu wa 2024/25 Birmingham walimaliza League One, daraja la juu ya hilo lenu, na pointi 111. Sasa kama wewe ni kocha mwingine kwa hiyo ligi, unaamka asubuhi kutafuta tuzo gani?

Chumvi ya Mawe: Na Wrexham je? Kapanda mara tatu mfululizo, kutoka National League hadi Championship, daraja la pili, bado watu wanasema ni hela za wale waigizaji walioinunua timu. Kocha wake ajinyonge?

Mleta mada: Wrexham hajapigwa tatu na sisi. Turudi kwenye mada.

Binti Tandale: Afadhali nyie. Huku Ligi Kuu ikitajwa tuzo ya kocha wa mwezi mimi nafunga redio. Haivuki Kariakoo hiyo, inatoka mtaa huu inaingia mtaa ule.

Mjukuu wa Nahodha: Muongo wewe, wa mikoani wamewahi kupewa. Sema Yanga mnaumia mkikosa.

Binti Tandale: Nani kakwambia mimi Yanga? Nyie Simba mkiguswa kidogo tu povu.

Omosh wa Nakuru: Sasa hawa wameanza.

Mleta mada: Wakuu, ile picha jamani. Nyavu nyuma ya kisogo...

Chumvi ya Mawe: Kula chapati yako, imepoa.

Mzee wa Mkeka: Laana imegoma. Dakika ya 90, penalti, moja bila, mkeka umechanika kipande kimoja huku kingine kule. Nani ana elfu mbili mpaka Ijumaa?

Mjukuu wa Nahodha: Muombe Binti Tandale, Yanga wana hela.

Binti Tandale: Mods, huyu mtu mnamwona?